Je, Wajua? Mchoro wa Mkulima wa Makote ni wa Nani?

Kabla programu ya kompyuta haijaandikwa, mtu huchora. Huchora kisanduku akakiita mkulima, akachora kingine akakiita shamba, akavuta mstari katikati, halafu akajiuliza: mkulima mmoja anaweza kuwa na mashamba mangapi, na shamba moja linaweza kuwa na wenyewe wangapi? Katika kata ya Makote, wilayani Newala, jibu la swali hilo ni fedha. Mfumo ukiamini kwamba shamba lina mwenyewe mmoja tu, mikorosho aliyoiacha marehemu kwa watoto wake watano itaandikwa kwa jina la mmoja wao, na salfa ya ruzuku itatoka kwa jina hilohilo. Michoro ya aina hii wataalamu wa TEHAMA huiita modeli. Ikichorwa na mtu mmoja, kazi ni nyepesi. Uzito wake, na utamu wake pia, huanza pale watu kumi wanapoichora pamoja, mmoja akiwa Newala, mwingine Masasi, mwingine Dodoma.

Visanduku vilianza lini?

Machi 1976, jarida jipya la Marekani kuhusu mifumo ya kanzidata lilitoa toleo lake la kwanza, na ndani yake kulikuwa na makala ya Peter Chen, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akifundisha MIT. Chen alipendekeza mstatili uwe kitu, kama mkulima au ghala, na umbo la almasi liwe uhusiano, kama kumiliki au kupeleka. Alama ndogo kando ya mstari zilisema ni wangapi kwa wangapi. Kabla yake, michoro ya kompyuta ilionyesha zaidi mwendo wa kazi: fanya hiki, kisha kile. Herman Goldstine na John von Neumann walikuwa wakichora ya namna hiyo tangu 1947.

Chen alimpa mchoraji nafasi ya kusema dunia ina nini kabla ya kuiambia mashine ifanye nini. Kwangu mimi huo ni mojawapo ya maamuzi bora yaliyopata kufanywa katika kazi hii, kwa sababu mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika ambaye hajawahi kuona hata mstari mmoja wa msimbo anaweza kuutazama mchoro huo akanyoosha kidole: hapa mmekosea, huku kwetu mtu hukodi mikorosho ya mwenzake.

Wingu lililoshindwa na mstatili

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila gwiji wa programu alikuwa na namna yake ya kuchora. Grady Booch, Mmarekani, alichora vitu vyake kama mawingu yenye kingo za nukta. James Rumbaugh, aliyekuwa General Electric, alichora mistatili. Ivar Jacobson wa Sweden, ambaye mawazo yake yalikomaa katika kampuni ya simu ya Ericsson, alichora mtu wa vijiti kuonyesha nani anautumia mfumo na kwa shughuli gani. Timu mbili zilizotaka kushirikiana zilianza kwa kubishana juu ya maumbo.

Rumbaugh alijiunga na Booch katika kampuni ya Rational mwaka 1994, Jacobson akafuata 1995, na lugha ya michoro waliyoiunganisha, UML, ikapitishwa kuwa kanuni ya kimataifa na muungano wa makampuni uitwao OMG mnamo Novemba 1997. Mawingu yakaachwa. Mstatili ukabaki, na mtu wa vijiti akabaki. UML ya sasa ina aina 14 za michoro, saba zikionyesha muundo na saba zikionyesha mwenendo. Timu ndogo inayohudumia halmashauri moja itosheke na tatu au nne. Ikichora zote 14, baada ya msimu mmoja hatapatikana mtu wa kuzisahihisha zote, na mchoro uliopitwa na wakati ni hatari kuliko kutokuwa na mchoro, maana mgeni atauamini.

Kisanduku kimoja, michoro mingi

Wengi hudhani modeli na mchoro ni kitu kimoja. Katika zana za kuchorea zilizotengenezwa kwa ajili ya timu, sivyo. Modeli ni ghala la vitu vyenyewe, na mchoro ni dirisha la kuvitazamia. Kisanduku cha mkulima kinaweza kuonekana katika mchoro wa usajili, wa mapokezi ya mzigo na wa malipo, na bado ni kimoja. Ukikifuta kwenye mchoro mmoja, hakijafutwa ghalani. Ukikibadilisha jina, jina hubadilika kote.

Hapo ndipo timu isiyo na utaratibu hujikwaa. Mtu wa usajili huchora mkulima. Mtu wa chama cha msingi, asiyejua kwamba kisanduku hicho kipo, huchora mwanachama. Mtu wa malipo huchora muuzaji. Je, hao ni mmoja au watatu? Ukiwa ofisini Dar es Salaam utasema mmoja. Ukiwa Newala utajua kwamba mtu anaweza kulima bila kuwa mwanachama, na aliyekodi mikorosho kwa msimu anauza korosho za miti ambayo si yake. Visanduku vitatu vinahitajika, pamoja na mistari inayosema lini mtu mmoja huingia katika viwili au vyote vitatu.

Umuhimu wa mstari kama huo ulionekana wazi mwishoni mwa 2018. Baada ya mvutano wa bei kati ya wakulima na wanunuzi, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yakatanguliwa na uhakiki, ili waliokusanya korosho kwa kangomba, yaani kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya kumuumiza mkulima, wasilipwe kama wakulima. Swali lililokuwa likiulizwa kijiji kwa kijiji ni hili: kilo hizi zimetoka shamba gani? Kwa mchoraji wa mifumo huo ni mstari mmoja kati ya kisanduku cha mzigo na kisanduku cha shamba. Mstari huo ukiwa haumo kwenye kumbukumbu, jibu lake hutafutwa kwa miguu, na mkulima mwenye haki yake husubiri.

Kilo ya chamani na kilo ya ghalani

Korosho hupungua uzito inapokauka. Mzigo uliopimwa kwenye chama cha msingi unaweza kusoma pungufu ukifika ghala kuu, na hoja ya unyaufu imezua maneno mengi kati ya wakulima, viongozi wa vyama na wenye maghala. Mchoraji asiyelijua jambo hili huweka sehemu moja tu ya kuandikia: uzito. Kisha mfumo unapopokea namba ya pili huifuta ya kwanza, na ushahidi wa mkulima ukafutika nayo.

Mchoro sahihi huchukulia kupima kuwa tukio. Kila tukio lina mahali, saa, mizani, mtu aliyepima na kipimo kilichotumika. Kilo 80 za chamani na kilo 79 za ghalani ni matukio mawili ya kweli kuhusu mzigo mmoja, na tofauti yake inaweza kujadiliwa kwa sababu zote mbili zipo. Hilo la kuandika kipimo si dogo. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mihiri, kwa kuwa programu ya timu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na ya timu nyingine ikazisoma kana kwamba ni vya kimetriki. Kila timu ilikuwa sahihi ndani ya kuta zake. Kosa lilikaa mpakani, mahali ambapo modeli za timu mbili hukutana.

Kinachobadilika kipewe chumba chake

Desemba 1972 David Parnas alichapisha makala fupi ambayo bado inasomwa vyuoni. Alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa akaigawa kwa njia mbili. Ya kwanza ilifuata hatua za kazi: soma, geuza, panga, chapisha. Ndivyo wengi wetu tungegawa. Ya pili iliuliza ni uamuzi gani unaoelekea kubadilika siku za usoni, kisha kila uamuzi wa aina hiyo ukafichwa ndani ya moduli yake, yaani kipande chake cha programu. Namna ya kuhifadhi data ilipobadilishwa, mgawanyo wa kwanza ulilazimika kurekebishwa karibu kila mahali, na wa pili katika moduli moja.

Sijui kama kuna zao linalothibitisha hoja ya Parnas zaidi ya korosho ya kusini. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mzigo ghalani na kupewa stakabadhi, ulianza kwenye korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, na wanunuzi wakawa wanaleta zabuni zao kwenye masanduku. Mwaka 2018 Serikali ikawa mnunuzi. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Namna tatu za kuuza, katika kipindi ambacho mkorosho uleule umesimama palepale Makote ukizaa.

Timu iliyoandika kanuni ya mnada ndani ya kisanduku cha mkulima, ndani ya kisanduku cha mzigo na ndani ya hesabu ya malipo, italazimika kuvunja nyumba nzima kila soko likibadilika. Timu iliyoweka "namna ya kuuza" katika moduli yake peke yake, yenye mlango mmoja unaopokea mzigo na kutoa bei, itabadilisha chumba hicho tu. Makato nayo vivyo hivyo. Ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji na ada za ushirika hubadilika kwa maamuzi ya mikutano, na mkulima ana haki ya kuona kila kimoja kwa jina lake. Makato yakae kwenye orodha yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na mwenyewe ajulikane. Yakifichwa ndani ya msimbo kama namba tupu, hakuna atakayeweza kumweleza mtu kwa nini alipata pungufu.

Watu watano, hatua tano

Mwaka 1968 Mmarekani Melvin Conway alichapisha katika jarida la Datamation hoja kwamba taasisi ikisanifu mfumo, mfumo huo hufanana na njia za mawasiliano ndani ya taasisi yenyewe. Harvard Business Review ilikuwa imeikataa makala hiyo kwa kusema hakuthibitisha hoja yake. Mfano wake mmoja ni mzuri mno: watu wanane walipewa kutengeneza vikusanyaji viwili vya lugha za programu, yaani programu za kugeuza msimbo uwe lugha ya mashine, watano wakapewa COBOL na watatu ALGOL. Kikusanyaji cha COBOL kikaja na hatua tano, cha ALGOL kikaja na hatua tatu.

Sasa tazama ramani ya ushirika. TANECU ni chama kikuu cha Tandahimba na Newala. MAMCU ni ya Masasi, Mtwara na Nanyumbu. RUNALI ni ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Tuseme kila chama kikuu kinapewa timu yake ya kuchora. Kwa hoja ya Conway tutapata wakulima wa aina tatu: mmoja mwenye namba ya uanachama, mwingine mwenye namba ya simu, mwingine mwenye jina na kijiji. Mtu mwenye mikorosho Newala na mingine Masasi atakuwa watu wawili wasiojuana.

Dawa si kuweka kila kitu mikononi mwa timu moja ya makao makuu. Timu hiyo haitajua unyaufu wala kukodi mikorosho. Kinachofanya kazi ni kuchagua visanduku vichache vya pamoja, kama mtu, shamba na mzigo, vikatunzwa na watu wanaojulikana kwa cheo, na mabadiliko yake yakapitiwa na kila upande. Vingine vyote vibaki kwa timu za maeneo. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, unahudumia vyama vya nchi nzima, na faida yake moja kubwa ni kwamba neno mwanachama linalazimika kuwa na maana moja Newala na Karagwe.

Mcholi II si Mcholi 2

Newala ina kata za Mcholi I na Mcholi II, na ina Mkoma II. Mwandishi mmoja ataandika Mcholi II, mwingine Mcholi 2, mwingine Mcholi wa Pili, na kompyuta itahesabu kata tatu. Ndiyo maana modeli nzuri haitegemei jina kukitambua kitu. Kila kata hupewa namba isiyobadilika, na jina huwa maelezo tu. Kwa watu, namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa.

Mipaka nayo hutembea. Tandahimba ilikuwa sehemu ya Newala, na Nanyumbu ilikuwa sehemu ya Masasi. Newala na Masasi kila moja sasa ina Halmashauri ya Mji kando ya Halmashauri ya Wilaya. Zahanati iliyotoa taarifa kwa halmashauri moja kwa miaka mingi inaweza kuamka siku moja iko chini ya nyingine. Ukibadilisha tu neno kwenye kisanduku chake, taarifa zote za zamani zitahamia halmashauri mpya pia, na takwimu za miaka iliyopita zitageuka bila mtu kugusa tarakimu. Uhusiano kati ya zahanati na halmashauri unahitaji tarehe. Wachoraji wengi hulisahau hili mpaka ripoti ya mwaka inapokataa kulingana.

Kutoka Oslo hadi zahanati

Wahudumu wa afya wa Tanzania wanavijua vitabu vya MTUHA: namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 12 kwa wanaojifungua. Taarifa zinazojumlishwa kutoka vitabu hivyo huingia kwenye mfumo wa DHIS2, ambao Tanzania iliusambaza nchi nzima mwaka 2013. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2011.

Mradi uliozaa mfumo huo, HISP, ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na kitovu chake kikawa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kiini cha modeli yake ni maswali matatu: nini, wapi, lini. Nini ni kipengele cha taarifa, kama watoto waliopata chanjo ya surua. Wapi ni kituo, ndani ya mti wa halmashauri, mkoa na taifa. Lini ni kipindi. Kila tarakimu katika mfumo hujibu maswali hayo matatu, iwe imetoka Newala au India.

Wepesi huo ndio uliowezesha timu nyingi kufanya kazi bila kukanyagana. Timu ya Oslo hutunza kiini. Wengine hujenga programu ndogo zinazokaa nje ya kiini na kuzungumza nacho kupitia mlango uliokubaliwa. Timu ya HISP Tanzania, iliyoota mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imetengeneza programu za aina hiyo, zikiwemo za kadi za alama zinazowaonyesha viongozi wa afya halmashauri ipi inafanya vizuri na ipi imekwama. Haikulazimika kuomba ruhusa ya kugusa kiini. Ilihitaji tu mlango usibadilike bila taarifa.

Kuna mzizi mwingine wa kupendeza. Katika miaka ya 1960, palepale Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni Simula, lugha ya kwanza ya programu iliyokuwa na klasi na vitu, mawazo ambayo baadaye yakawa mistatili ya UML. Mapema miaka ya 1970 Nygaard alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali wa Norway, ili wafanyakazi wawe na sauti katika mashine zitakazowaendesha. Utamaduni huo wa kumshirikisha mtumiaji ndio uliorithiwa na HISP. Kwa hiyo muuguzi anayejaza taarifa za mwezi Newala anagusa matawi mawili ya shina moja: namna ya kuchora mfumo, na imani kwamba mwenye kazi ana haki ya kushika kalamu.

Mengine kwa kifupi

Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine kushindwa. Kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Modeli ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, huchorwa kwa rangi: eneo la mgonjwa lina rangi yake, la dawa na maagizo yake, la watumiaji yake. Mgeni anayefungua mchoro huo wa majedwali mengi hujua kwa jicho yuko mtaa gani. Ni mbinu isiyogharimu chochote na ningependa kuiona kwenye ukuta wa kila ofisi ya TEHAMA ya halmashauri.

Kontroo namba unayolipia ada au ushuru ina tarakimu 12. Nyuma yake zimo taasisi nyingi za Serikali, benki na kampuni za simu, kila moja ikiwa na mifumo na michoro yake ya ndani. Zote zimekubaliana juu ya kitu kimoja chembamba, namba hiyo na taarifa zinazosafiri nayo, na hakuna anayelazimika kuonyesha modeli yake kwa mwenzake.

Mwalimu na wanafunzi wawili

Mwaka 1984 Dick Grune, mwalimu wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, alikuwa akiandika kikusanyaji cha lugha ya C pamoja na wanafunzi wawili. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi kwa saa za ofisi, mwingine alikuja alipojisikia, naye Grune alipata nafasi jioni tu. Zana za wakati huo zilifuata njia ya kufuli: ukichukua faili, mwenzako anasubiri mpaka ulirudishe. Kwa watu watatu wasiokutana, kufuli lilikuwa gereza. Grune akatunga programu ndogo zilizomruhusu kila mmoja kuchukua nakala yake na kuziunganisha baadaye. Mwaka 1986 alizitoa kwa watu wote, na zikawa CVS, babu wa zana nyingi za leo. Linus Torvalds alipoanza zana ya Git mnamo Aprili 2005, wazo hilo lilifika mbali zaidi: kila mtu ana historia nzima ya mradi kwenye mashine yake. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na intaneti ya Tanzania kuzorota, mwenye Git aliweza kuendelea kuandika, kulinganisha na kuhifadhi matoleo yake, akisubiri mtandao urudi ndipo atume.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kuunganisha msimbo wa watu wawili ni rahisi kwa sababu msimbo ni mistari ya maandishi. Mchoro si hivyo. Zana nyingi huhifadhi modeli kama faili kubwa lenye alama nyingi, na ukisogeza kisanduku sentimita mbili kulia, namba kadhaa hubadilika ndani yake. Watu wawili wakisogeza visanduku siku moja, Git huona mgongano, na kuutatua kwa mkono kunaweza kuharibu faili lote.

Rational Rose, zana iliyovuma miaka ya 1990, ilitoa jibu ambalo bado lina nguvu: faili la modeli likatwe vipande kwa pakiti, kila pakiti iwe faili lake na iwe na mwenyewe. Anayehusika na mapokezi achukue pakiti ya mapokezi, wa malipo achukue ya malipo. Kufuli linarudi, ila sasa linafunga chumba kimoja. Sharti lake ni kwamba pakiti zisitegemeane kwa mzunguko. Malipo yanahitaji kujua mapokezi, maana hulipwi kabla ya kupima. Mapokezi hayahitaji kujua malipo. Siku mtu atakapovuta mshale wa kurudi, ili karani wa mizani aone kama mkulima ameshalipwa, pakiti hizo mbili zitakuwa moja, na watu wawili watarudi kusubiriana. Mshale huo ukihitajika kweli, huundwa pakiti ya tatu inayozisoma zote mbili.

Pamoja na vipande hivyo, yafaa kuwe na karatasi ya uamuzi. Michael Nygard alilieleza wazo hili mwaka 2011: kila uamuzi mkubwa wa usanifu uandikwe katika ukurasa mmoja au miwili, ukisema hali ilikuwaje, tuliamua nini, na kwa uamuzi huo tunapata na kupoteza nini. Ukibatilishwa, haufutwi. Huandikwa mwingine unaoutaja wa kwanza. Msanifu anayeajiriwa mwaka wa tano akiona kwamba uzito wa korosho umehifadhiwa mara mbili atashawishika kuondoa mmoja, mpaka asome ukurasa wa unyaufu.

Mchoro unaoandikwa

Kuna njia ya kuukwepa mgongano wa visanduku kabisa: kutochora kwa mkono. PlantUML, iliyoanza Ufaransa mwaka 2009, na Mermaid, iliyobuniwa na Msweden Knut Sveidqvist mwaka 2014, hupokea maandishi na kuyageuza kuwa picha. Mtu huandika kwamba Mkulima ana Shamba moja au zaidi, kila kauli katika mstari wake, na programu hupanga visanduku yenyewe. Zote ni za bure, na faili zake ni nyepesi kiasi cha kutumwa hata kwa mtandao hafifu wa simu. Kwa kuwa ni maandishi, Git huziunganisha kama inavyounganisha msimbo. Anayepitia mabadiliko huona mstari uliofutwa kwa rangi nyekundu na uliowekwa kwa kijani, na anaweza kuuliza kabla haujakubaliwa: nani amesema shamba la Makote lina mwenyewe mmoja?